Nusu Kilo ya Sweta

Karatasi haikuwepo ukutani.

Kagure aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote katika chumba cha kupimia uzito, kabla hata ya kumtazama Kinyua aliyesimama dirishani na kikombe chake cha chai isiyo na sukari. Juu ya mizani ya watoto, mahali ambapo karatasi ile ilikuwa imekaa kwa miaka tisa, palibaki pande la rangi ya kijani, bichi kama siku ukuta ulipopakwa. Kwenye pembe zake nne zilionekana alama za utepe wa gundi. Ukuta uliobaki ulikuwa umechujuka.

"Umefika," Kinyua alisema.

"Karatasi iko wapi?"

"Karibu kwanza. Nje kuna baridi."

"Kinyua, karatasi iko wapi?"

Kinyua aliiendea chupa ya chai, akammiminia, akatia vijiko viwili vya sukari bila kuuliza na kuikoroga mpaka yote ikayeyuka. Kagure alivitazama vidole vyake virefu. Vidole hivyo ndivyo vilivyomfundisha kupasha moto kifaa cha kusikilizia moyo kwapani kabla ya kukiweka kifuani mwa mtoto, siku zile yeye alipokuwa daktari mpya anayeogopa watoto kuliko alivyoogopa mtihani wowote.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Julai, na ukungu wa Kiriaini ulikuwa umeifunika mistari ya majani chai mpaka mlangoni mwa kliniki. Wagonjwa wa siku walikuwa wamekwisha. Kesho yake, saa nne asubuhi, bodi ya Kundi la Madaktari la Kirima ingekutana mjini Nyeri kumkabidhi Kagure uongozi wa kliniki zake zote kumi na moja, kuanzia Nanyuki hadi hii ya hapa. Na keshokutwa, Jumamosi, wazee wa upande wa Kinyua wangefika nyumbani kwa mama yake Kagure huko Ruring'u kwa kumenya mucii, siku ambayo jamaa za mwanamume huja kulijua boma la msichana kabla ya kutamka lolote kuhusu ndoa. Mwanamke gani hupewa siku mbili kama hizo zikifuatana? Wiki tatu zilizopita Kagure angekuambia kuwa chini ya mlima huu hakuna mwenye bahati kumliko yeye.

Kisha mtoto wa Shiro akafariki.

Shiro alikuwa mchuma chai wa hapo hapo Kiriaini. Mwanawe wa miezi saba alikuwa ameharisha siku tatu. Alimleta amemvisha suti nzito ya mitumba kutoka Karatina, zile zilizoshonwa kwa ajili ya nchi za theluji, na sweta mbili ndani yake, na shali juu. Mizani ilisema kilo saba na gramu mia sita. Kinyua alitoa nusu kilo ya nguo, kama kawaida ya kliniki ile, akapata uzito ambao haukutofautiana sana na wa mwezi uliotangulia. Mtoto hajapungua, akaandika. Akampa mama pakiti za kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki, akamwambia arudi kesho. Siku hiyo alikuwa peke yake na watoto sitini. Kesho yake Shiro alirudi mapema, akiwa amebeba shali iliyonyamaza. Nguo zile zilipopimwa baadaye zilikuwa na kilo moja na gramu mia nne. Mtoto alikuwa amepungua kilo nzima ya maji, na hakuna aliyeiona.

"Nimeyasoma maelezo yako," Kagure alisema. "Daktari Dhiren alinipa faili jana. Anataka sahihi yangu kesho, mara tu nitakapokalia kiti. Ndiyo barua ya kwanza ya uongozi wangu. Kukufuta kazi."

"Najua."

"Umeandika kwamba desturi ya kutoa nusu kilo uliianzisha wewe."

"Ndiyo."

"Umeandika kwamba hakuna daktari aliyekuagiza."

Kinyua aliketi kwenye benchi la akina mama, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Kagure alitaka kumgusa shavu, lakini mikono yake ilibaki ndani ya mifuko ya koti.

"Ukuta huo," alisema kwa sauti ya chini, "ulikuwa na mwandiko wangu."

Ilikuwa Julai nyingine, miaka tisa nyuma. Akina mama walikuwa wakikataa kuwavua watoto kwa sababu ya baridi, na siku hiyo mmoja alikuwa ameondoka na wake bila kupimwa. Kagure, mwenye miaka ishirini na saba na haraka ya kuokoa dunia nzima, alikusanya sweta mbili, kofia na shali, akaviweka kwenye mizani, akapata nusu kilo kamili. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: *Ukimpima mtoto na nguo zake, toa nusu kilo.* Chini yake akachora kondoo aliyevaa sweta. Kinyua, tabibu wa kliniki, cheo kilicho chini ya daktari, alimtazama kondoo yule, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Akauliza kama kondoo ana baridi ama anaringa. Kagure aliporudi chumbani kwake jioni hiyo alijikuta bado anatabasamu, na alijua ameshikwa.

Mengine yote yalikuja baada ya karatasi hiyo. Alikwenda Nairobi miaka minne kusomea udaktari wa watoto, na kila mwisho wa mwezi Kinyua alikuwa akimpigia simu kumsimulia watoto wa Kiriaini mmoja mmoja. Alirudi Nyeri, akapewa wadi ya watoto wachanga, halafu huduma zote za watoto. Mikutano ikaanza kumlia siku zake. Badala ya kumshika mtoto akawa anashika ripoti juu ya watoto elfu, na alijiambia ni kitu kilekile. Daktari Dhiren, mwanzilishi wa Kundi, alipotangaza kwamba anastaafu, wote walimgeukia yeye. Katika miaka hiyo yote suti za theluji zilikuwa zikijaa sokoni Karatina, na karatasi ilikuwa palepale ukutani. Kagure alipita mbele yake kila alipokuja kukagua, akamtabasamia kondoo wake, asiwaze hata mara moja kupima nguo upya.

"Namba ilikuwa yangu, Kinyua."

"Na jicho lilikuwa langu. Sikumvua. Sikumfinya ngozi ya tumbo nione kama maji yamepungua. Mtoto alikuwa mikononi mwangu, Kagure. Wewe ulikuwa Nyeri."

"Ulikuwa na watoto sitini."

"Alikuwa mmoja wao."

Nje mtu alipita akivuta mbuzi, akamsalimia Kinyua kupitia dirishani akimwita daktari, na Kinyua akainua mkono.

"Sikiliza," alisema. "Mimi jina langu liko kwenye kitabu cha siku ile, halifutiki. Hata ukisema ya karatasi, mimi nitaondoka tu. Sasa kuna faida gani tuondoke wawili? Wewe ukikaa kile kiti, vyumba kumi na kimoja vitapata hita. Watoto watavuliwa nguo bila mama yeyote kuogopa. Mimi niko na mizani moja na benchi."

"Kwa hivyo umeamua kuninunulia kiti."

"Usiongee hivyo."

"Niongee vipi? Kabla ya kunificha, si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa. Nakujua, bana." Akajaribu kutabasamu, midomo ikashindwa. "Daktari wangu hajui kudanganya. Hata ule uongo mdogo kwamba sindano haiumi, watoto wanakucheka."

Na hapo ndipo Kagure alipoyahisi yale ambayo hangeweza kumwambia mtu kwa muda mrefu. Alihisi nafuu. Kwa pumzi moja tu moyo wake ulimwambia kwamba hakuna atakayejua, kwamba miaka yake kumi na mitatu ya masomo haitapotea, kwamba mama yake hatatazamwa sokoni. Kisha akamwona mwanamume aliyempenda ameketi kwenye benchi la akina mama kama mtu anayesubiri kuitwa jina, akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Na Jumamosi?" aliuliza. "Wazee wako?"

Kinyua aliinama.

"Nilimpigia baba mkubwa Hezekiah jana. Hawatakuja."

"Uliwaambia wasije."

"Ukinifuta kazi Ijumaa, halafu Jumamosi wazee wangu wanakunywa chai kwenu, watu watasema tulipanga. Na usiponifuta, watasema unaficha mume. Hakuna mlango hapo, Kagure. Nimeutafuta." Akavuta pumzi. "Nakwenda Timau kwa kaka yangu. Analima viazi. Nitasubiri huko baraza la matabibu liniite. Ukishazoea kile kiti utapata mtu mnayelingana, na mama yako atafurahi."

"Usimwingize mama yangu."

"Si ni yeye alisema?"

Ni kweli, ni yeye alisema. Mama Kagure alikuwa ameuza kabeji katika soko la Karatina kwa miaka ishirini, na siku binti yake alipomtajia Kinyua alimuuliza kama kabeji zote zile zilikuwa za kumsomesha ili aolewe na mwanamume atakayemwita daktari mbele ya watoto wao. Kwa miaka miwili hakulitamka jina lake. Alikuwa "huyo wa Kiriaini". Huyo wa Kiriaini amekupigia? Huyo wa Kiriaini bado anapima watoto? Mwezi wa Juni tu ndipo alipolegea, akaenda mjini kwenye duka la vyombo, akarudi na vikombe kumi na viwili vya maua mekundu kwa ajili ya wageni. Hakueleza kitu. Aliviosha, akavipanga kabatini, na Kagure alilia jikoni kwa furaha.

Sasa Kinyua alitoa pochi yake mfukoni. Kutoka nyuma ya kitambulisho alivuta karatasi iliyokunjwa mara nne, akamwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyake juu yake. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya kikombe.

"Niliibandua kabla hawajaja kuchunguza," alisema. "Nilitaka kuichoma, nikashindwa. Ni kitu cha kwanza ulichoniandikia. Ichome wewe."

"Kinyua."

"Ukinipenda, ichome. Nisiende Timau bure."

Alimbusu kwenye paji la uso, akachukua koti lake kwenye msumari, akatoka. Kagure alimsikia akiagana na mlinzi, akimwambia afunge dirisha la chumba cha uzito kwa sababu linaingiza baridi.

*

Daktari Dhiren alikuwa na miaka sitini na minane. Alizaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake mjini Nyeri, na alizungumza Kikuyu safi kuliko vijana wengi wa bodi yake. Ijumaa ile alivaa tai ambayo Kagure hakuwahi kuiona. Alizungumza kwa ufupi juu ya binti aliyeanzia Kiriaini akipima watoto na leo anapokea Kundi zima, watu wakapiga makofi, akamsogezea faili na kalamu.

"Hili la huzuni tulimalize kwanza, Daktari," alisema. "Sahihi yako hapo chini tu."

Kagure aliisoma barua tena. Jina la Kinyua lilikuwa limeandikwa sawasawa, pamoja na miaka yake ya kazi. Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaikunjua na kuilaza mezani. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini kondoo alionekana vizuri.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Tabibu Kinyua aliandika kwamba aliianzisha desturi hii yeye. Si kweli. Niliianzisha mimi, nikaibandika juu ya mizani, nikaiacha hapo miaka tisa. Yeye alifuata agizo la daktari wake."

Wajumbe wa bodi waliinamia karatasi. Kisha wakasema wote pamoja. Mmoja alikumbusha kwamba karatasi haina jina wala tarehe. Mwingine, kwa upole, alimwambia kwamba tabibu mwenyewe ameshakiri, na kwamba huenda Daktari amechoka na angependa kuahirisha. Walikuwa wakimfungulia mlango, na Kagure aliwaelewa. Aliwaambia kwamba hakuchoka. Aliwaambia kwamba Shiro aliambiwa mwanawe alikufa kwa uzembe wa mtu mmoja, na huo ni uongo, na yeye hawezi kuongoza watu akiwa ameukalia. Aliomba jambo moja tu kabla ya lolote watakaloamua: kwamba tangu siku hiyo asipimwe mtoto yeyote na nguo, na kila chumba cha uzito kipate hita, hata kama fedha hizo zitatoka kwenye sherehe ya kumtawaza.

Hilo walilipitisha. Lile la kiti walilisimamisha. Mambo ya Kagure na ya Kinyua yangepelekwa kwenye mabaraza ya taaluma zao, na hadi hapo Kagure asingesimamia chochote.

Dhiren alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Alikuwa bado ameishika ile karatasi.

"Nilikuwa na haraka ya kupumzika," alisema. "Sasa nitarudi ofisini Jumatatu, mzee mzima." Akaitazama picha. "Sijui kama nitaweza kukurudishia kile kiti, binti yangu. Siwezi kukuahidi."

"Najua, Daktari."

"Na huyu kijana, Kinyua, atafurahi?"

Kagure alitikisa kichwa. Akiwa peke yake ndani ya gari alimwandikia Kinyua ujumbe: *Sikuichoma. Nimeiweka mezani. Nisamehe.* Alama mbili za kuonyesha ameusoma zikageuka buluu. Alisubiri mpaka kioo cha gari kikajaa ukungu wa pumzi zake. Alipiga simu, ikaita, ikakatika. Alielewa. Mtu alikuwa amempa kitu pekee alichobaki nacho, na yeye amekirudisha mbele za watu.

Kutoka hapo alikwenda Kiriaini kwa Shiro. Kwa muda wote Kagure alioketi kwenye kiti kifupi cha jikoni akimweleza habari za karatasi, Shiro alimsikiliza huku akikunja na kukunjua shali. Hakumlaumu wala hakumsamehe. Alisema tu kwamba suti ile aliichagua kwa sababu ilikuwa nzito kuliko zote.

*

Jumamosi kulipambazuka na jua, kitu cha nadra Julai. Kagure alikuwa amemweleza mama yake kila kitu jana yake. Mama alikuwa amekwenda kulala bila kula.

Ilipofika saa tano Kagure alitoka chumbani akakuta meza ya sebuleni imetandikwa kitambaa cheupe. Vikombe kumi na viwili vya maua mekundu vilikuwa vimepangwa juu yake. Chupa mbili kubwa za chai zilisimama kando.

"Mama, hawaji."

"Najua hawaji."

"Kwa nini basi umetandika?"

Mama yake alikuwa akipangusa kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu. Mikono ile ilikuwa imebeba magunia kwa miaka ishirini, na bado ilikuwa na mipasuko.

"Maitu," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu utotoni, yaani mama yangu, kwa sababu Kagure alibeba jina la bibi yake. "Jana niliudhika. Nilisema kichwani, huyu mtoto amevunja kila kitu kwa siku moja. Kiti, na bwana, na mimi. Usiku nikawaza, huyo mtu alitaka kubeba mzigo wa binti yangu na hakuna aliyemwomba. Mimi nimebeba mizigo. Najua mtu habebi wa mwenzake hivihivi."

Kagure aliketi.

Mama akafungua chupa, akammiminia kikombe kimoja, akajimiminia kingine. Kisha akamimina cha tatu, akakiweka mahali pa mgeni, pale mbele ya dirisha linalotazama lango. Akashika kijiko juu ya kopo la sukari, akasita.

"Kinyua anatiliwa ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kagure kulisikia jina hilo kinywani mwa mama yake.

"Hatumii sukari, Mama."

"Haya."

Mama alikirudisha kijiko kwenye kopo. Akakifunika kikombe kile kwa kisahani ili kisipoe upesi, akaketi karibu na binti yake, na wote wawili wakakaa wakilitazama lango.